Simu ya Nyumbani Haiko Nyumbani

Simu ya nyumbani kwa kina Kiguu ililia saluni.

Kinyozi alikuwa ameshika kichwa cha mteja, nusu kimenyolewa nusu bado. Hakugeuka. Akasema tu, "We Kiguu, kwenu kunaita."

Mteja akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwenye rafu ya kioo, kati ya chupa ya spiriti na pakiti za nyembe, palikuwa na boksi jeusi dogo, kama kisahani cha sabuni, lina taa ya kijani. Pembeni yake mkonga wa simu usio na waya umekaa kwenye chaja yake umetulia kama mwenye nyumba. Sasa hizi simu za intaneti ziko hivi: namba haikai kwenye nyumba, inakaa kwenye boksi. Ukilichomeka boksi sebuleni, nyumbani ni sebuleni. Ukilichomeka chooni, anayepiga nyumbani atapokelewa chooni. Kiguu alilichomeka kwenye intaneti ya saluni, na kwa wiki kadhaa nyumbani kwao palikuwa pananuka mafuta ya nywele.

Akatoka chumba cha nyuma anakolala, bila viatu, akaukwapua mkonga, akarudi nao ndani na kuusukuma mlango kwa kisigino.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Nipe Baba."

"Ametoka."

"Juzi alikuwa amelala. Kabla ya hapo alikuwa anaoga. Leo ametoka. Baba yetu ameanza lini mizunguko?"

"Kuna gari la mtu anataka kulimaliza."

"Na hicho kinachounguruma hapo ni nini?"

Kilikuwa ni mashine ya kunyolea. "Jirani anakata majani."

"Majani yapi? Jirani yetu ni mshonaji, na ua wake ni saruji tupu."

"Yameota kwenye nyufa," Kiguu akasema, jasho likimtoka kwapani. Uongo wenyewe hakuwahi kuupenda. Alikuwa nao tu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake na sasa yuko katikati ya barabara.

Dada akaachana na majani. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia nimejifungua?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alifurahi."

"Nimekuuliza alisemaje. Neno lenyewe alilolisema."

Kiguu akatafuta neno. Mtu anayeongea kutwa nzima, anayeweza kubishana na askari wa barabarani hadi askari achoke, akakosa neno moja la kumwekea baba yake mdomoni. "Alisema… sawa."

"Sawa."

"Ndiyo."

"Nimezaa mtoto wangu wa kwanza, na baba yangu amesema sawa." Dada hakulia. Afadhali angelia. "Basi kumbe pamoja na vicheko vyetu vyote bado ana kinyongo na mimi. Tangu nilipokosa mazishi ya Mama. Sikiliza, mdogo wangu. Kesho mchana nitapiga. Mkalishe hapo. Akitaka kunitukana anitukane, nitapokea. Ila asipokuja kwenye simu nitajua amenikata, na mimi sitamsumbua tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dada."

Simu ikakatika. Kule nje mteja aliyekwisha kunyolewa alikuwa anajitazama kwenye kioo na kulalamika kwamba upande mmoja umezidi.

Tuseme ukweli, Kiguu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuondoka tu. Jina lake la nyumbani watu walikwisha kulisahau, wakamwita Kiguu kwa sababu tangu mdogo ni kiguu na njia. Shule aliiacha mapema, mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Useremala aliuanza akauacha kwenye mguu wa tatu wa meza. Kuvuta nyaya za intaneti kwenye nyumba za watu ndiko kulikomkalisha kidogo, maana kila siku unavuta kwa mtu mwingine. Siku zisizo na nyaya alimsaidia baba yake gereji.

Baba yake alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Nyundo ndiyo iliyomlisha, na nyundo hiyohiyo ndiyo iliyomla masikio. Simu ya mfukoni aliwahi kuwa nayo akaitupa kwenye droo, kwa sababu alisikia humo, alisema, nyuki tu. Ndiyo maana Dada, huko ng'ambo alikoolewa, akatuma ile simu ya boksi: vitufe vikubwa kama biskuti, sauti ya kusikika barabarani, na namba ya hukohuko kwake, ili kumpigia Baba iwe kama kupiga mtaa wa pili. Mikonga ilikuwa miwili, mmoja sebuleni, mmoja chumbani kwa Baba. Kiguu ndiye aliyefunga kila kitu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaliza kazi aliyoianza. Baba alimsifu mbele ya mshonaji.

Na Baba alikuwa na mtindo wake kwenye ile simu. Kabla hajasema halo, aligonga mkonga kwa ukucha mara mbili. Ndivyo anavyogonga mlango wa gari analoletewa. Bati zima linajibu; mahali palipowahi kubonyea na kuzibwa kwa puti pananyamaza. "Nisipogonga," alikuwa anasema, "nitajuaje kama kuna mtu humo ndani?" Na Dada kutoka ng'ambo anajibu, "Nipo, Baba. Bati zima, hakuna puti." Wanacheka wote wawili kila mara, kama vile ni mara ya kwanza.

Siku ya ugomvi haikuwa hata na ugomvi wa maana. Kiguu alipewa mlango wa teksi aunyooshe, akaufikisha nusu, akaenda kunywa soda, akakuta stori huko dukani. Aliporudi mwenye teksi amekwisha kufika. Baba, kwa sauti yake ile ya mtu asiyejisikia anavyopiga kelele, akamwambia mteja mbele ya mafundi wote: "Huyu msimpe kitu cha kumaliza. Hata uji anaacha nusu." Gereji nzima ikacheka. Hata mwenye teksi, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika, akacheka.

Kiguu akaenda nyumbani moja kwa moja, akatia nguo kwenye begi. Akiwa anatoka akaliona boksi pale nyuma ya ruta ya intaneti. Mimi ndiye niliyelifunga, akajiambia. Akalichomoa, akachukua na mkonga wa sebuleni. Ruta akaiacha na taa zake zinamulika, mkonga wa chumbani kwa Baba akauacha kwenye chaja yake. Wacha akae kimya kidogo, aone. Siku mbili tatu, basi.

Lakini saluni boksi likalia kabla ya siku mbili tatu, na Kiguu akasema Baba anaoga. Kuanzia hapo uongo ukawa kama pindo la nguo lililonaswa mlangoni: ukivuta unachana, usipovuta huendi. Dada akitaka kuwaona kwa picha, anaambiwa kamera ya simu ya Kiguu imekufa, na hilo peke yake ndilo lilikuwa kweli. Kulirudisha boksi kungekuwa ni kuingia mlangoni nalo mkononi mchana kweupe na kuulizwa lilikuwa wapi. Kila siku aliyolala saluni swali hilo lilinenepa.

Mteja alipoondoka, Kinyozi akakung'uta shuka. "Sasa kesho utafanyaje? Baba yako utamchonga?"

"Nitaona."

"Utaona nini? We huoni kitu wewe." Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajizungusha. "Sikiliza. Mimi mzee wako nimemnyoa tangu nywele zake nyeusi. Sauti yake ninayo." Akakohoa, akakaza shingo, akapaza sauti kama mtu aliye upande wa pili wa mto. "Wee kijana! Hiyo bei gani? Unaninyoa au unanipima suti?"

Ilikuwa ni Baba mtupu. Hata lile koo lake la vumbi la rangi. Kiguu akacheka hadi akashika ukuta. Kicheko hicho baadaye ndicho kilichomkaa vibaya kuliko vyote.

"Maneno mawili tu," Kinyozi akasema. "Hongera mwanangu, mkae salama. Halafu mtandao unasumbua, tunakata. Dada yako analala na amani, wewe unapata muda wa kurudisha hiki kidude kwa heshima zako."

"Maneno mawili tu," Kiguu akasema.

Kesho yake mchana Kinyozi akageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga. Mkonga ukalia. Kiguu akaubonyeza kwenye sauti kubwa, kama Baba anavyozoea, akampa.

"Halo! Mwanangu!"

"Baba?"

"Ndiyo! Nasikia umejifungua! Hongera sana!" Kinyozi akamkonyeza Kiguu.

Upande wa pili ukatoka mlio kama wa mtu anayemeza maji mengi kwa mara moja. Dada alikuwa analia.

"Baba, nilidhani umenikata. Nilidhani nikipiga unainuka unaondoka. Baba, siku ile ya Mama sikukataa kuja. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ya uhamiaji na begi langu tangu asubuhi, wakaniambia karatasi hazijatoka, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo, na Mama analazwa kaburini siku hiyohiyo. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Nikaona afadhali unione mkaidi kuliko unione nimekaa kwenye ngazi kama mzigo. Baba, niambie neno moja tu. Niambie hujanichukia."

Kinyozi mdomo ulikuwa wazi. Sauti ya mzee ilikuwa imempotea kabisa, hata yake mwenyewe hakuwa nayo. Akamtazama Kiguu kwenye kioo. Kiguu akatazama nywele zilizoko sakafuni.

"Baba?" Dada akasema. "Mbona hukugonga leo?"

Kinyozi hakujua ni kugonga gani. Akatafuta kitufe chekundu kwa kidole gumba, akakibonyeza.

Kinyozi akachukua taulo, akaufuta ule mkonga polepole, juu na chini, kama anavyofuta shingo ya mtu. Kisha akaenda kwenye rafu, akachomoa boksi na nyaya zake, akatia vyote kwenye mfuko wa plastiki.

"Rudisha kwenu," akasema. "Uende nalo."

"Kinyozi, si wewe uliyesema…"

"Nilisema, ndiyo. Aibu yangu nitatafuta pa kuiweka. Wewe yako beba."

Kiguu akatembea na mfuko. Njia ya kutoka saluni hadi kwao si ndefu, lakini siku hiyo kila mtu aliyemsalimia alionekana kuutazama ule mfuko. Mpango wake ulikuwa mfupi: aingie, achomeke, atoke. Baba huenda yuko gereji. Dada akipiga, atapokelewa na Baba mwenyewe, na lile la mchana litasemwa kuwa ni mtandao. Mtandao ulikwisha kusingiziwa mengi, moja zaidi lisingeuua.

Mshonaji alikuwa barazani kwake, mguu kwenye pedali ya cherehani. Mama huyu ndiye aliyewapikia wiki nzima Mama alipofariki, na alikuwa na macho ya kuona sindano gizani.

"Kiguu. Leo njia imekurudisha."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako yumo. Siku hizi gereji anafunga mapema. Ukiingia paza sauti, maana anasema masikio yamekwisha kabisa."

"Yamekwisha vipi? Hakusikii?"

"Mimi ananisikia vizuri tu. Simu ndiyo haisikii. Mkonga wa sebuleni hauoni, anadhani ameuweka mahali akasahau; wa chumbani aliuweka sikioni, kimya. Akabonyeza hivi na hivi, kimya. Anasema dada yako lazima anapiga, mtoto yule hawezi kuacha kupiga, ila yeye ndiye hasikii ikilia. Kwa hiyo anakaa anavizia taa." Akakata uzi kwa meno. "Nikamwambia pengine imeharibika. Akasema haiwezi kuharibika, imefungwa na Kiguu."

Miguu ya Kiguu, ile isiyowahi kukataa safari, ikataka kugeuka. Lakini mshonaji alikuwa bado anamtazama. Akaingia.

Baba alikuwa sebuleni. Alikuwa amevaa shati safi. Mkonga wa chumbani ameuleta mezani pamoja na chaja yake, ameuweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, na yeye amekaa kuuelekea kama mtu aliyetembelewa na mgeni asiyependa kuongea. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, madogo kama sisimizi, yanayosema simu inatafuta boksi lake. Baba hakuweza kuyasoma. Kiguu aliyaona tangu mlangoni.

"Shikamoo, Baba," akasema kwa nguvu.

"Marahaba. Kaa." Mzee akainua mkono. "Usikae hapo. Unanizibia taa."

Kiguu hakukaa. Akapita nyuma ya kiti hadi kwenye kona, akapiga magoti kwenye ruta iliyokuwa inamulika bure siku zote hizo. Akatoa boksi, akachomeka waya huu, akachomeka waya ule. Mikono iliyovuta nyaya nyumba chungu nzima za watu ikakosea tundu mara ya kwanza. Mkonga wa mezani ukatoa mlio mdogo, sisimizi wakatoweka, taa ya kijani ikawaka.

"Imewaka," Baba akasema.

Kiguu akasimama, mfuko mtupu mkononi. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache. Ndipo simu ikalia, kwa ule mlio wake wa kuamsha mtaa.

Baba hakuunyakua. Alikaa kwanza akiusikiliza, kichwa kimeinama. "Naisikia," akasema. Akajigusa sikio. "Kiguu, inalia au naota?"

"Inalia, Baba."

Akaubonyeza. Akaugonga kwa ukucha mara mbili.

Upande wa pili pumzi ikashikwa. Halafu Dada, kwa sauti iliyojaa chumba kizima: "Nipo, Baba. Bati zima."

"Hakuna puti."

"Hakuna puti." Akacheka na kulia humohumo. "Mbona mchana hukugonga?"

"Mchana upi?"

"Si tumeongea mchana. Ukanipa hongera, halafu ukakata."

"Hongera ya nini?"

Kule kwa Dada kitu kikalia, kilio kidogo chembamba, cha mtu asiye na meno. Mzee akasogeza uso kwenye mkonga.

"Nani huyo analia?"

"Mjukuu wako, Baba. Si Kiguu alikwambia? Amekwambia, nawe ukasema sawa."

Baba akarudi nyuma kwenye kiti polepole. Akatazama boksi lililowaka kwenye kona. Akatazama mfuko wa plastiki mkononi mwa mwanawe, wenye unywele mmoja mmoja wa watu umenasa kwenye mikunjo. Mtu aliyetumia maisha yake kutazama gari na kujua liligongwa wapi hakuhitaji muda.

"Kiguu yuko hapo?" Dada akauliza.

"Yuko," Baba akasema. "Kiguu kimoja kiko nje tayari."

Kweli kilikuwa nje. Kiguu akakirudisha ndani. Uso ulikuwa unamwaka kama amekaa karibu na gesi ya kuchomelea.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya chini, "nilichukua…"

"Sisikii."

"Nilichukua boksi."

"Paza sauti. Mimi ni kiziwi wa nyundo, unajua. Na huyu yuko mbali. Paza tusikie wote." Baba akausogeza mkonga katikati ya meza, akamwonyesha kiti. "Kaa. Hiki utakimaliza."

Kiguu akakaa. Akaanza tena, sasa kwa kupiga kelele, maana mbele ya yule mzee jambo la aibu halisemeki kwa kunong'ona. Akapiga kelele kwamba alilichomoa boksi siku ya mlango wa teksi. Kule barazani cherehani ikasimama. Akapiga kelele kwamba alilala nalo saluni, kwamba Dada alipiga na kupiga, kwamba Baba hakuwahi kuoga, hakuwahi kulala, hakuwahi kusema sawa. Kwamba masikio ya Baba hayana kitu, yako vilevile. Dada hakumkatiza hata mara moja. Mtoto ndiye aliyekatiza, akanyamazishwa.

Halafu akafika pa Kinyozi. Akatazama mlango, akatazama meza.

Baba hakumsaidia. Alinyoosha mkono tu, akagonga meza kwa ukucha mara mbili, karibu kabisa na mkono wa mwanawe, akategea sikio.

Kiguu akavuta pumzi.

"Kinyozi aliiga sauti yako, Baba," akapaza. "Ilikuwa ni wewe mtupu. Na mimi nikacheka."